Pambano Likolee, Mchezo Usiharibike: Vidokezo kwa Anayeongoza Meza

Katika michezo ya mezani ya kuigiza, kila mchezaji ana mhusika wake mmoja. Mwongoza mchezo ana wote waliobaki: wenye maduka, wafalme, mbwa mwitu na majoka. Akitaka kuwaua wahusika wa wenzake jioni hii hii, anaweza. Akitaka washinde kila pambano bila jasho mpaka wapige miayo, hilo nalo linawezekana. Uzuri wa mchezo uko kati ya hayo mawili, na kupapata mahali hapo ni ufundi unaojifunzika.

Mifano yangu inatoka Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974, hasa toleo lake la tano la mwaka 2014. Anayecheza mchezo mwingine wa aina hii atabadilisha namba tu.

1. Piga hesabu, lakini usiiamini kupita kiasi

Kitabu cha mwongoza mchezo cha 2014 kinakupa kanuni. Goblini mmoja ana thamani ya pointi 50 za uzoefu. Wanne ni 200, ila kwa kuwa wanashambulia kwa wingi unazidisha mara mbili, unapata 400. Upande wa pili, kila mhusika wa ngazi ya kwanza anafikia kiwango cha pambano la kuua kwenye pointi 100. Wahusika wanne, pointi 400. Kwa maneno mengine, goblini wanne tu wanatosha kuwafikisha wageni wanne mlangoni mwa kaburi.

Na goblini wanne ndio wanaofungua Lost Mine of Phandelver, kisa kilichowekwa kwenye sanduku la wanaoanza! Sanduku hilo lina wahusika watano waliokwisha kuandaliwa. Rafiki yenu wa tano akichelewa daladala, pambano lile lile limebadilika kabisa.

Hesabu haijui mengi mengine. Haijui kwamba mchawi wenu amemaliza nguvu zake mchana, wala kwamba wawili kati ya wachezaji ndiyo kwanza wanashika dadu. Hayo unayajua wewe.

2. Tazama zamu kabla ya misuli

Jitu moja lenye nguvu, likizungukwa na watu wanne, linapiga mara moja huku likipigwa mara nne. Ndiyo maana yule adui mkuu uliyemwandaa wiki nzima anaanguka kwenye raundi ya pili, na ukumbi mzima unabaki kimya. Watunzi wa toleo la tano walilijua tatizo hili: joka jekundu lililokomaa lina pointi 256 za uhai, lakini wakalipa pia vitendo vitatu vya ziada vya kutumia baada ya zamu za wengine. Pointi za uhai peke yake zisingeliokoa.

Kama adui wako hana vitendo hivyo, mpe wasaidizi dhaifu. Toleo la nne, la mwaka 2008, lilikuwa na maadui wenye pointi moja tu ya uhai: pigo likiwapata, wamekwisha. Wanaziba njia, wanamfurahisha anayewafyeka, na hawakupi kazi ya kufuatilia namba. Unaweza kulichukua wazo hilo leo katika mchezo wowote.

3. Ngazi ya kwanza ni yai

Chukua mchawi mwenye pointi 8 za uhai, na jitu aina ya ogre lenye rungu. Rungu hilo linatoa madhara ya dadu mbili za pande nane, ukaongeza nne. Sheria inasema madhara yakikushusha hadi sifuri, na yanayobaki yakafikia jumla yako yote ya uhai, umekufa papo hapo. Kwa mchawi wetu hiyo ni 16, na rungu linafikisha 16 au zaidi karibu mara moja katika kila mapigo manne yanayompata. Mtu aliyetumia saa nzima kumbuni mhusika, akampa jina na ndugu na kisasi cha kulipa, anampoteza kabla hajaongea sentensi tatu. Usimfanyie mtu hivyo. Majitu yasubiri mpaka ngazi ya tatu.

4. Kila zamu iwe na jambo la kuamua

Kama utakumbuka kidokezo kimoja, kiwe hiki. Pambano halichoshi kwa sababu ni rahisi, wala halisisimui kwa sababu ni gumu. Linachosha pale mchezaji anaposema "nampiga", anarusha dadu, anakosa, kisha anasubiri dakika kumi ili aseme tena "nampiga". Ugumu usiompa mtu la kufikiri ni adhabu tu.

Warudishe wale goblini wanne. Waweke kwenye uwanja wazi: wachezaji watakimbia mbele na kupiga, basi. Sasa waweke vichakani, wawili kila upande wa barabara, na mishale. Ghafla kuna maswali. Tujifiche nyuma ya farasi waliokufa waliolala barabarani, au tuvamie upande mmoja kwanza? Tena wachezaji wamelipwa kusindikiza gari la mizigo linalovutwa na ng'ombe. Nani anabaki kulilinda? Kisha goblini mmoja anaanza kukimbia kwenda kuwaita wenzake. Anayemfuata atakuwa peke yake msituni; asipofuatwa, kambi yao itajua mnakuja. Pointi za uhai ni zile zile, kinga ni ile ile, lakini kila mtu mezani ameinama mbele.

Kwa hiyo, unapoandaa pambano, andika lengo moja lisilo la kuua: mateka wa kufungua, mlango wa kufunga, daraja la kuvuka kabla halijaungua. Ongeza kitu kimoja cha kupanda, kusukuma au kumwaga. Inatosha. Ukijaza chumba mitego kumi, hakuna atakayeikumbuka.

5. Adui naye ana roho

Mwaka 1981, Tom Moldvay alipohariri sanduku la sheria za msingi za mchezo huu, kila adui alipewa namba ya ujasiri kati ya 2 na 12. Wenzake walipoanza kufa, mwongoza mchezo alirusha dadu mbili. Zikizidi ile namba, adui alikimbia au kusalimu amri. Matoleo ya baadaye yaliliweka jambo hili pembeni, na naona ilikuwa hasara. Adui anayekimbia anafupisha pambano ambalo tayari limeamuliwa. Anayetekwa ana habari za kutoa. Hata Phandelver inamwagiza goblini wa mwisho atoroke baada ya watatu kushindwa.

6. Amua mapema watapoteza nini wakishindwa

Kifo siyo bei pekee. Katika kisa hicho hicho, goblini wakishinda hawamalizi mtu: wanawaacha wahusika wamezirai, wanapora mali na kwenda zao. Mchezo unaendelea, na sasa wachezaji wana hasira ya kweli. Maadui wanaweza kuteka, kuiba, kuchoma kijiji, kuwahi hazina.

Meza inayopenda vifo ipo pia, na ina haki yake. Tomb of Horrors ya Gygax, iliyochapishwa 1978, ni kaburi la mitego linaloua wahusika wenye nguvu kabisa, na wapo wanaolitafuta kwa hamu. Muhimu waambiwe kabla ya kuketi.

7. Usidanganye dadu

Wengi huzirusha nyuma ya kizuizi na kusoma namba wanayoitaka. Siwashauri. Wachezaji wakishagundua kwamba hawawezi kushindwa, ushindi wao wote wa nyuma unapoteza ladha.

Rekebisha yale ambayo bado hayajaonekana. Kundi la pili lililokuwa likija linaweza kuchelewa. Namba za uhai kitabuni nazo ni wastani: goblini wa pointi 7 ni dadu mbili za pande sita, hivyo kuwa na 4 au 11 ni halali. Ichague tu kabla pambano halijaanza.

8. Pambano likiburuta, lisukume

Katika 13th Age, mchezo wa Rob Heinsoo na Jonathan Tweet wa mwaka 2013, dadu moja kubwa inawekwa katikati ya meza kuanzia raundi ya pili ikionyesha 1. Kila raundi inapanda, hadi 6, na wachezaji wanaongeza namba hiyo kwenye mashambulizi yao. Pambano linaharakisha lenyewe. Iazime kama ilivyo.

9. Uliza kabla hawajaaga

"Mmefurahi?" haisaidii, maana watu wana adabu, watasema ndiyo. Muulize kila mmoja ni zamu ipi alikosa la kufanya. Yule mpole wa pembeni ndiye atakayekupa jibu la maana, basi mwache aseme wa kwanza, kabla wenye sauti hawajaanza kusimulia lile pigo la joka.