Kitafunio cha Mwanachuo: Kati ya Njaa, Mfuko na Masomo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwenye njaa hana miiko. Methali hii inasawiri vyema hali ya wanachuo wengi nchini Kenya ifikapo saa nne asubuhi. Mwanachuo ametoka chumbani bila staftahi ili auwahi mhadhara wa saa mbili, chamcha kingali mbali, na shilingi zilizomo mfukoni ni za kuhesabika. Afikapo langoni hununua kilicho karibu: andazi, chipsi au soda. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba uteuzi huo mdogo una athari kwa masomo na kwa mfuko wake, na kwamba kitafunio bora hudai maarifa zaidi kuliko fedha.

Fasili ya Kitafunio

Nomino 'kitafunio' imenyambuliwa kutokana na kitenzi 'tafuna'. Sambamba nayo kuna 'kumbwe', neno litumiwalo sana nchini Kenya kwa maana ya chakula kidogo kiliwacho kati ya mlo mmoja na mwingine. Lipo pia neno 'asusa', yaani kitu kiliwacho ili kubadili ladha ya kinywa baada ya kunywa kitu kikali, kama vile dawa au pombe. Asusa, basi, huhudumia ulimi. Kitafunio hudai kazi ya meno.

Tofauti hii ina maana kwa afya. Kiswahili hakichanganyi kutafuna na kubugia, wala kumung'unya na kufakamia. Karanga, mahindi ya kuchoma na tunda zima hutafunwa. Mlaji hulazimika kwenda polepole, na tumbo hupata wasaa wa kuarifu kwamba limeshiba. Soda haitafunwi. Hunywewa kwa mafunda machache, na sukari yake huingia mwilini kabla mnywaji hajatambua kiasi alichokunywa.

Yatendekayo Mwilini

Andazi hupikwa kwa unga wa ngano uliokobolewa, likatiwa sukari na kukaangwa. Wanga uliokobolewa na sukari humeng'enywa upesi, kiwango cha sukari katika damu kikapanda, nayo kongosho ikatoa insulini ili kukishusha. Kwa baadhi ya watu kiwango hicho hushuka haraka, na njaa hurejea kabla ya mhadhara unaofuata kumalizika. Kinyume chake, chakula chenye nyuzinyuzi, protini au mafuta ya asili hukawia kumeng'enywa, na nguvu yake hutoka kidogo kidogo.

Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Lilieleza pia kuwa kuipunguza hadi chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 au vijiko sita vya chai, kuna manufaa zaidi. Soda nyingi za kola huwa na takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa moja ya mililita 300, basi, hukipita kipimo hicho cha pili.

Vya Kuchagua

Habari njema ni kwamba vitafunio bora vinauzwa papo hapo langoni. Karanga zina takriban gramu 25 za protini katika kila gramu 100. Konzi moja humtosha mtu kwa asubuhi nzima. Yai la kuchemsha lina takriban gramu 6 za protini. Ndizi mbivu, chungwa, parachichi, maziwa ya mala na mahindi ya kuchoma havihitaji jiko la mwanachuo.

Viazi vitamu na nduma hudharauliwa na baadhi ya vijana kwa kudhaniwa kuwa chakula cha mashambani. Dharau hiyo haina msingi. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa wataalamu wanne, watatu miongoni mwao wakiwa wameshughulikia viazi hivyo: Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low. Kwa kuwa vitamini hiyo hufyonzwa vyema penye mafuta, kiazi kikiliwa kwa karanga chache hufaa zaidi.

Kuhusu gharama, mnunuzi asipime bei pekee; apime pia muda ambao kitafunio kitamshikilia. Andazi la bei nafuu linalofuatwa na la pili baada ya saa moja si nafuu tena. Wakaazi wa chumba kimoja wanaweza kuchanga fedha, wakanunua karanga na ndizi sokoni kwa jumla. Pesa za mkopo wa masomo zipatikanapo, wengi huishi kwa kauli ya 'mla ni mla leo', kisha mwisho wa muhula hulala njaa. Heri akiba ya karanga kuliko karamu ya siku mbili.

Tahadhari

Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa penye unyevu huota ukungu unaoweza kutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwadhuru watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafariki. Kuchoma hakuiondoi sumu yote. Karanga zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zilizo chungu zitupwe. Matunda yaoshwe kwa maji safi, na kachumbari iliyoachwa wazi ikatuliwa na nzi iepukwe. Mwenye mzio wa karanga achague yai au tunda.

Hitimisho

Imebainika kwamba njaa ya saa nne haiepukiki kwa asiyestaftahi, ila jibu lake linaweza kupangwa. Mwanachuo anayetia mfukoni konzi ya karanga na ndizi kabla ya kutoka chumbani hatalazimika kuamua akiwa tayari amezidiwa na njaa. Hapo ndipo miiko huvunjwa, na hapo ndipo fedha hupotea.