SOMO: Tuulize Kabla ya Kusema
(Maandalizi ya wajumbe wanaokwenda Ujerumani)

Somo la robo hii ni kwa kamati za sharika zinazoandaa wajumbe wa kutembelea sharika rafiki mashariki mwa Ujerumani. Wafadhili wetu nao tunawakaribisha kulisoma, ingawa tunaanza na kosa letu wenyewe.

1. Kosa letu

Katika safari yetu ya kwanza tuliabudu katika kanisa kubwa la mawe. Waumini hawakufika 30, wengi wao wenye mvi. Kapu la sadaka lilipopita tuliona sarafu tu. Tulipopewa nafasi ya salamu, mmoja wetu alisema kwamba kanisa hilo limelala, nasi tumekuja kuliamsha. Mkalimani alinyamaza kidogo kabla ya kutafsiri.

Jioni, mama mzee aliyetupokea nyumbani kwake alitueleza kwa upole maisha ya enzi za Ujerumani Mashariki. Serikali ilikuwa na sherehe yake ya vijana iliyochukua nafasi ya kipaimara, na kijana aliyeikataa aliweza kunyimwa masomo ya juu. Yeye alichagua kipaimara, akanyimwa. "Wale wachache mliowaona leo," alisema, "ndio tuliobaki." Tuliona aibu sana.

2. Mahali pa kutembelea

Leipzig: Katika kanisa la Nikolaikirche, maombi ya amani ya kila Jumatatu yalianza mwaka 1982. Tarehe 9 Oktoba 1989, baada ya maombi, watu wapatao 70,000 waliandamana kwa amani, na hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Aidha, Misheni ya Leipzig ndiyo iliyotuma wamisionari Kilimanjaro mwaka 1893.

Wittenberg: Hapa ndipo lilipo kaburi la Martin Luther, ndani ya Kanisa la Ngome. Kwenye ukuta wa kanisa la mji, alikohubiri, ipo sanamu ya zamani inayowadhihaki Wayahudi. Chini yake liliwekwa kumbukumbusho mwaka 1988 kukiri uovu huo. Wenyeji hawawafichi wageni jambo hili.

Dresden: Kanisa la Frauenkirche liliharibiwa kwa mabomu Februari 1945, likabaki kifusi kwa miaka mingi. Lilijengwa upya kwa michango ya watu wengi, na kuwekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005. Mawe meusi mtakayoyaona ukutani ni ya jengo la zamani.

3. Maisha ya kila siku

(a) Sadaka. Washarika wengi wenye kipato hulipa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yao ya mapato kutegemea jimbo, nayo hukusanywa na serikali. Hivyo basi, kapu la ibadani si kipimo cha utoaji wao.

(b) Muda. Ukialikwa kahawa na keki saa tisa alasiri, fika saa tisa. Kuchelewa bila taarifa huonekana ni kumdharau mwenyeji.

(c) Chakula cha jioni. Mara nyingi ni mkate, jibini na soseji, bila chakula cha moto. Mjumbe asidhani amenyimwa. Familia nayo inakula hicho hicho.

(d) Jumapili. Maduka mengi hufungwa na kelele hazitakiwi. Manunuzi yafanyike Jumamosi.

(e) Chupa. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji huwekewa amana ya senti 25, inayorudishwa ukipeleka chombo dukani. Msitupe.

4. Maswali ya kujadili katika kamati

- Je, mgeni akiingia kanisani kwetu Jumapili moja tu, anaweza kutuelewa vibaya katika jambo gani?
- Wajumbe wetu wamejiandaa kuuliza maswali gani, mbali na maombi ya msaada?
- Ni jambo gani la historia ya usharika wetu tunalificha, ambalo tungepaswa kulikiri?

Katika safari ya pili, ndugu yetu aliyetoa zile salamu aliomba msamaha mbele ya usharika ule. Yule mama alimshika mkono, akamkatia kipande cha keki. Ushirikiano wetu unaendelea hadi leo.

Mungu awabariki wajumbe wetu na wenyeji wao. Amina.