Theluji Juu ya Bawa la Ndege

Likizo ya Desemba iliyopita nilipanda basi hapa Korogwe kwenda Handeni kumsalimu kaka yangu. Nilimkuta amekasirika. Mwanawe, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu pia, anasoma Kanada. Alikuwa amepiga simu kueleza kwamba ndege aliyopanda Toronto ilimwagiwa dawa mabawani, ikangoja zamu yake ya kuruka, kisha ikarudishwa kumwagiwa tena. Kwa ajili hiyo akakosa ndege ya pili.

"Mwalimu, eropleni kubwa namna ile yaogopa theluji ya unene wa kidole?" kaka aliniuliza.

Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu nao wamepata kuniuliza mfano wa swali hilo, kwa hiyo nalijibu hapa.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya theluji ni uzito, kama lori la mkonge lililopakiwa kupita kiasi. Uzito si jambo kubwa. Bawa huibeba ndege kwa sababu hewa hupita juu ya mgongo wake ikiufuata bila kuachana nao, na mgongo ukiparuza, hewa huachana nao mapema. Pitisha kiganja chako juu ya kioo, kisha juu ya msasa, utapata picha yake. Majaribio yameonyesha kwamba hata sakitu, yaani umande ulioganda, ikiwa nyembamba na yenye kuparuza kama msasa, yaweza kupunguza nguvu ya bawa ya kuinua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40.

Ndiyo maana sheria ni bawa safi, au ndege hairuki. Dawa yenyewe ni glikoli na maji. Ile ya rangi ya machungwa hupashwa moto, nayo huyeyusha. Ile ya kijani ni nzito, hukaa juu ya bawa na kuzuia theluji mpya isishike. Lakini haidumu. Rubani anayo majedwali ya dakika, kwa kadiri ya baridi na wingi wa theluji inayoanguka. Dakika zikiisha kabla hajaruka, hana budi bawa likaguliwe, au arudi.

Nilimsimulia kaka habari ya Dryden, mji mdogo wa huko huko Kanada. Tarehe 10 Machi 1989 ndege aina ya Fokker F-28 ilitua pale. Mtambo wake mdogo wa kuwashia injini ulikuwa mbovu, na kiwanja kile hakikuwa na mashine ya kuisaidia. Rubani angezima injini zote mbili, angekwama. Basi akaacha moja ikiunguruma. Tena ilikatazwa kuimwagia ndege ile dawa injini ikizunguka, naye hakumwagiwa. Wakangoja ndege ndogo itue kwanza, theluji ikizidi kuanguka. Waliporuka, ndege haikuweza kupanda, ikaangukia msituni. Kati ya watu 69, walikufa 24.

Jaji Virgil Moshansky aliyechunguza ajali hiyo alitoa ripoti yake mwaka 1992. Lililonishika mimi ni hili: miongoni mwa abiria walikuwamo marubani wawili waliokuwa wakisafiri tu. Wao, na mhudumu mmoja pia, waliiona theluji bawani. Hakuna aliyekwenda kumwambia rubani.

Hapo nikamwuliza kaka, "Kijana alikaa wapi?"

"Dirishani, penye bawa. Asema aliiona theluji ikijaa tena kabla hawajarudishwa."

"Akasema?"

"Amwambie nani? Mtoto wa Handeni atamfundisha rubani kazi yake?"

"Amwambie mhudumu, tena kwa adabu. Hamfundishi mtu, kaka. Anampa habari. Rubani akiwa kule mbele, pengine halioni bawa lote."

Kaka alinyamaza, akakoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha poa. Halafu akauliza kule Toronto ni saa ngapi. Kwetu ilikuwa saa kumi alasiri. Nikamwambia, saa mbili asubuhi. Akaagiza simu yake iletwe.