Simu, Pumzi na Kelele za Magomeni

Magomeni, Dar es Salaam, hutamsikia mtu akisema ana sonona. Utasikia "ana mawazo", "maisha yamempiga", au, sauti ikishushwa, "yule kachezewa". Mimi niliambiwa nina mawazo miezi mitano mfululizo, na kweli nilikuwa nayo: naamka saa tisa usiku chumbani kwangu Magomeni Mikumi, nahesabu madeni ya duka la Kariakoo mpaka adhana ya alfajiri. Katikati ya hayo nikapakua programu ya simu ya kutuliza akili, nikaitumia vibaya, baadaye nikajua namna. Anayeniuliza leo namwelekeza hivi.

Hatua ya 1: Jipime kabla hujapakua kitu

Tafuta hojaji inayoitwa PHQ-9. Tafsiri ya Kiswahili ipo. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: hamu ya mambo, usingizi, chakula, uchovu, kujiona hufai kitu, na mengine. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumlisha, andika kwenye karatasi pamoja na tarehe, uitunze.

Ukipata 10 au zaidi, nenda ukaonwe na daktari. Programu itakuwa nyongeza tu. Swali la 9 linauliza kama umewaza kufa au kujidhuru. Hapo jibu likiwa lolote zaidi ya sifuri, achana na jumla, achana na simu. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii, asikuache peke yako, mwende hospitali. Mwananyamala si mbali, na Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili.

Hatua ya 2: Chagua programu moja

Usiku wa kwanza mimi nilipakua tatu, bando likakata kabla sijasikiliza hata moja.

Kazi ya programu hizi ni kukufundisha kurudisha akili pale mwili ulipo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha mazoezi haya kwa wagonjwa wa hospitali huko Massachusetts, Marekani. Baadaye Segal, Williams na Teasdale wakayageuza kozi ya wiki 8 kwa watu ambao sonona huwarudia rudia. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2015, wenye washiriki 424, ulilinganisha waliofanya kozi hiyo huku wakisaidiwa kupunguza dawa na walioendelea na dawa. Kwa miaka 2, kiwango cha kurudiwa na ugonjwa hakikutofautiana sana. Ila angalia: ile ilikuwa kozi ya ana kwa ana, ina mwalimu, na wanafunzi wake walikuwa wameshapata nafuu. Matangazo ya programu hupenda kuruka sehemu hiyo.

Headspace na Calm ni za kulipia. Medito na Smiling Mind ni za bure, anza na mojawapo. Usiweke kadi ya benki kwa ajili ya "jaribio la bure", maana jaribio likiisha pesa inakatwa. Na programu ikikuomba uiandikie siri zako, huna lazima. Mwaka 2022 taasisi ya Mozilla ilikagua programu 32 za afya ya akili na sala, ikazitilia alama ya tahadhari 28 kwa namna zinavyoshughulikia taarifa za watu.

Hatua ya 3: Rekodi sauti yako mwenyewe

Hii ndiyo hatua iliyonisaidia kuliko zote. Sauti nyingi kwenye programu ni za Kiingereza. Yangu iliniambia niwaze theluji inayodondoka taratibu. Theluji mimi naijua ya kwenye friji, ile ya kubandua kwa kisu. Nikawa natafsiri badala ya kupumua.

Sikiliza programu siku tatu nne ushike mtindo wake. Kisha fungua kinasa sauti cha simu, usome maneno haya polepole, ukiacha kama dakika nzima ya kimya baada ya kila sehemu:

"Sasa hivi nina nini? Kichwani, moyoni, mwilini. Nataja tu, sibishani nacho."

"Narudi kwenye pumzi. Tumbo linapanda, tumbo linashuka. Akili ikienda kwenye deni, nasema 'deni', narudi."

"Sasa mwili wote. Nyayo, mgongo, mabega, uso. Niko hapa."

Dakika 3 zimeisha. Huu ni ufupisho wangu wa zoezi linalotumika kwenye kozi ile ya wiki 8. Bando halihitajiki, na sauti ni ya mtu unayemjua.

Hatua ya 4: Zitumie kelele

Ukisubiri utulivu Magomeni utazeeka. Chagua saa isiyohama. Mimi nachukua saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni ya bafu haijaanza uani, halafu tena jioni baada ya kufunga duka. Kaa kitandani au kwenye ndoo iliyogeuzwa, miguu chini.

Kelele zikija, zifanye ndizo zoezi. Muuza kahawa anagonga vikombe: sikiliza mlio wa kwanza, wa pili, mpaka unapopotelea. Fundi cherehani anapita akiliza mkasi. Basi linashika breki Morogoro Road. Huna haja ya kuzipenda, unazisikia tu mpaka zipite.

Kwenye basi la mwendokasi usifumbe macho, utaibiwa. Simama, sikia nyayo zako na ubaridi wa chuma ulichoshika. Kituo cha Mapipa hadi cha Fire inatosha.

Hatua ya 5: Mtafute mtu wa kukuuliza

Utafiti wa 2019 uliofuatilia programu 93 za afya ya akili ulikuta kwamba, kwa kawaida, kufikia siku ya 30 walioendelea kuzifungua ni kama 3 tu kati ya 100. Si kwamba wote ni wavivu. Sonona yenyewe hula nguvu ya kuendelea na jambo, na simu haina aibu ya kuachwa.

Kwa hiyo mwambie mtu mmoja. Wangu ni dada wa saluni jirani na duka, kila Ijumaa ananiuliza, "Umekaa mara ngapi?" Basi. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006, akawafundisha mabibi wa mtaani kukaa na wenye mawazo na kuwasikiliza, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha wagonjwa walipata nafuu. Kama una shehe au mchungaji unayemwamini, naye mwambie. Dua na dawa havigombani.

Hatua ya 6: Jua pa kusimama

Wapo ambao wakifumba macho wanarudishwa kwenye msiba au kipigo cha zamani. Likikukuta, fungua macho, taja vitu vitano unavyoviona chumbani, amka utembee. Likijirudia, acha zoezi, ukamwambie daktari. Na kama umeandikiwa vidonge, usiviache kwa sababu wiki hii umelala vizuri. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kuvikata ghafla kuna madhara yake.

Hatua ya 7: Jipime tena wiki ya 4

Maswali yaleyale, karatasi mpya, tarehe mpya. Alama zikishuka, endelea. Zikibaki palepale au zikipanda, nenda hospitali na karatasi zote mbili. Daktari akiuliza unaumwa nini, usijibu "kichwa na uchovu tu" kama nilivyojibu mimi kwenye zahanati moja, nikarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Mwambie: "Silali, sina hamu ya chochote, na imeanza tangu mwezi fulani." Kisha mpe karatasi.