Mafunzo Niliyopata kwa Kuhesabu Vidonda

Nimekuwa muuguzi katika hospitali moja ya katikati ya Dar es Salaam, hatua chache kutoka Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa kupima kama kinga ya maambukizi wodini inafanya kazi.

1. Semina haipimi kitu. Tanzania ina mwongozo wa kitaifa wa kinga ya maambukizi tangu 2004, na ripoti hujaa idadi ya waliofundishwa na mabango yaliyobandikwa. Sijawahi kuona bango likikausha kidonda.

2. Mama akiruhusiwa, hesabu huondoka naye. Mshono wa upasuaji wa uzazi unapaswa kufuatiliwa kwa siku 30, lakini mama hulala kwetu siku chache tu. Kidonda kikitoa usaha akiwa nyumbani Mbagala, ananunua vidonge duka la dawa la mtaani, na daftari letu linabaki safi. Tulianza kuandika namba mbili za simu, yake na ya ndugu, kisha kuwapigia na kuwakagua kliniki siku ya 7 na ya 28. Idadi ya maambukizi ikapanda. Bosi mmoja alifoka kwamba tumezembea, kumbe wagonjwa walikuwepo siku zote, hawakuwa wakitafutwa. Tangu hapo hospitali inayoripoti sifuri hunitia shaka.

3. Gawanya kwanza, ndipo ulinganishe. Maambukizi 10 katika upasuaji 100 si sawa na 10 katika 400. Daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna aligawa vifo kwa idadi ya akina mama waliojifungua: mwaka 1846 wodi ya uzazi iliyohudumiwa na madaktari ilipoteza takriban 11 kati ya kila 100, mwaka 1848, baada ya madaktari kulazimishwa kunawa kwa maji ya klorini, karibu mmoja.

4. Anayetazamwa hunawa. Mkaguzi akiingia na karatasi yake, hata daktari bingwa anakumbuka bomba liliko. Kwa hiyo pima pia kitakasa mikono kilichotumika. WHO imeweka kiwango cha lita 20 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. (Funga stoo vizuri. Wakati wa Uviko madumu yalijua njia ya kwenda nyumbani.)

5. Maji yakikatika, andika, maana siku hiyo kutonawa si uzembe.

Nawe uliyefanyiwa upasuaji, kidonda kikitoa usaha ndani ya siku 30, rudi hospitali iliyokupasua kabla ya kwenda duka la dawa, na uombe waandike.