Omeprazoli si ya Maumivu Pekee: Asidi na Tiba ya Bakteria wa Tumbo

Mgonjwa anayetibiwa maambukizi ya bakteria Helicobacter pylori hupewa dawa za aina tatu au nne kwa pamoja, na mara nyingi huzigawa mwenyewe katika mafungu mawili: antibiotiki huzihesabu kuwa tiba, na omeprazoli huihesabu kuwa kituliza maumivu. Maumivu yakipoa siku ya tano, omeprazoli huachwa. Mgawanyo huo hauna msingi, na unaweza kuifanya tiba nzima ishindwe.

Bakteria huyu huishi ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo. Hutengeneza kimeng'enya kinachovunja urea na kutoa amonia, nayo amonia hupooza asidi inayomzunguka. Hata hivyo, asidi ikiwa kali hubaki hai bila kuzaliana sana, na hapo ndipo ugumu ulipo. Amoksisilini huzuia ujenzi wa ukuta wa bakteria, kwa hiyo humdhuru zaidi yule anayegawanyika. Aliyetulia huweza kuponyoka. Klarithromisini nayo huharibika upesi katika asidi. Omeprazoli, kwa kuzifunga pampu zinazomwaga asidi, hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: humpa bakteria mazingira ya kuzaliana, na huilinda dawa itakayomuua. Ni jambo la ajabu kidogo, kwamba adui hustareheshwa kwanza ili apatikane.

Pampu hizo huamshwa na chakula, na omeprazoli hufunga zile tu zilizoamka. Kwa sababu hiyo humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, asubuhi na jioni. Anayeimeza baada ya chakula, au usiku akiwa tayari kitandani, hupoteza sehemu ya nguvu yake.

Mpango uliozoeleka ni omeprazoli miligramu 20, amoksisilini gramu 1 na klarithromisini miligramu 500, kila moja mara mbili kwa siku kwa siku 14. Mwenye mzio wa penisilini hapewi amoksisilini. Kabla ya kuandika mpango huu, mhudumu hana budi kuuliza iwapo mgonjwa amewahi kutumia azithromisini au erithromisini, hata kama ni kwa kikohozi cha miaka iliyopita, kwani dawa hizo ni za ukoo mmoja na klarithromisini na huenda zimekwisha kuwafundisha bakteria usugu. Jibu likiwa ndiyo, ni afadhali mpango wa dawa nne: omeprazoli, bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli. Tetrasaiklini haifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo, na maziwa huizuia isifyonzwe vizuri. Bismathi hufanya choo na ulimi kuwa vyeusi. Mgonjwa aambiwe mapema, asije akaacha dawa kwa hofu. Lakini choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali, pamoja na kizunguzungu, ni dalili ya kuvuja damu, na humpasa afike hospitali siku hiyohiyo.

Zaidi ya vidonda, mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliwaweka bakteria hawa katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kunywa omeprazoli miaka nenda miaka rudi bila kupimwa, basi, ni kunyamazisha kiungulia huku maambukizi yakiendelea.

Baada ya dozi, kupona huthibitishwa kwa kipimo cha pumzi au cha choo, si mapema kuliko wiki 4 tangu antibiotiki zimalizike. Kipimo cha kingamwili za damu hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa kingamwili hubaki kwa miezi mingi hata bakteria wakiwa wamekwisha. Omeprazoli husimamishwa wiki 2 kabla ya kupimwa, la sivyo kipimo huweza kutoa jibu safi lisilo la kweli. Anayesumbuliwa na kiungulia katika wiki hizo anaweza kutumia vidonge vya kutafuna vya magnesiamu.