Ukiumia Barabarani au Kazini: Je, Utafute Wakili?

Mwanachama akigongwa na matatu au akikatwa na mashine, kikundi huchanga pesa za hospitali. Halafu, hata kabla plasta haijakauka, anatokea mtu asiyejulikana: "Weka sahihi hapa, nitakuletea fidia." Je, aweke? Tunasema: bado. Kwanza tujiulize maswali matatu.

1. Aliumia wapi?

Kama ni kazini, kuna sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini. Jambo hili halianzii kortini, na Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo mwaka 2019. Mwenye kuumia amweleze mwajiri mara moja, asingoje hadi miezi 12 ipite. Mwajiri naye humjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa muda wa siku 7. Mkurugenzi ndiye hukadiria fidia kwa kuangalia ripoti ya daktari. Hatua hizi mtu anaweza kuzifuata mwenyewe bila wakili. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 60 za kupinga, na hapo wakili anaweza kumfaa.

Kama ni barabarani, ni lazima kuonyesha kosa lilikuwa la nani. Kesi ifunguliwe kabla ya miaka 3 kwisha tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali, muda ni miezi 12 tu. Wengi wamepoteza haki yao kwa kusema, "Tutaona mwaka ujao."

2. Jeraha ni kubwa? Kuna ubishi?

Mtu aliyechubuka kidogo akapona kwa wiki mbili, gharama za kesi zinaweza kumeza fidia yote. Huyo aulize kwa karani wa korti kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, ambapo madai hayazidi shilingi 1,000,000 na mtu anaruhusiwa kujisemea.

Lakini kukiwa na mfupa uliovunjika, ulemavu au kifo, au dereva anakana kosa, wakili anahitajika. Kampuni ya bima ina mawakili wake, na wewe usiende mikono mitupu. Tena usitie sahihi karatasi ya kukubali malipo ya mwisho kabla daktari hajasema umefikia wapi. Ukishatia, kurudi kudai zaidi ni vigumu sana.

3. Mkononi kitabaki nini?

Muulize wakili: Ada yako ni ngapi? Nani atalipia ripoti ya daktari na kufungua kesi? Tukishindwa, je? Maana anayeshindwa anaweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzake. Na korti ikiona hata aliyeumia alichangia kosa, fidia hupunguzwa. Majibu yote yaandikwe.

Jihadhari na anayesema, "Utalipa tukishinda tu." Sheria ya mawakili wa Kenya haitambui mapatano ya namna hiyo. Pia wakili haruhusiwi kugawana malipo yake na mtu asiye wakili. Basi yule broka wa pale wodini, analipwa na nani?

Hakikisha kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba wakili ana cheti cha mwaka huu. Akikaa na pesa zako, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamishi ya Mawakili. Huduma hiyo ni ya bure.

Kazi ya kikundi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mgonjwa hawezi kukimbia huku na huku, kwa hiyo chagueni watu wawili wamsaidie kukusanya:

- abstrakti ya polisi na fomu ya P3;
- namba ya gari na jina la kampuni ya bima;
- karatasi za matibabu na risiti zote, hata za nauli;
- majina ya mashahidi na namba zao za simu.

Mbaki na nakala ya kila karatasi. Mgonjwa akienda kwa wakili, mmoja wenu aende naye. Watu wawili husikia vizuri kuliko mmoja mwenye maumivu.

Maswali ya kujadili

1. Kuna mwanachama aliyeumia ambaye muda wake unakaribia kwisha?
2. Kwetu hapa, nani huwatembelea wagonjwa wa ajali na karatasi za kutia sahihi? Tutamjibu nini?
3. Daftari la kikundi litawekwa na nani?